Tamasha la Bia kwa Ajili ya Zahanati: Nani Hasa Anachangia?

Saa nne usiku muziki unakatwa. Mshereheshaji anapanda jukwaani na kikaratasi mkononi, anagonga kipaza sauti kwa kidole mara mbili, kisha anatangaza kiasi kilichopatikana kwa ajili ya zahanati. Vigelegele vinapigwa, bendi inarudi kwa kishindo. Nyuma ya hema, mbali na taa, vijana wawili wameinama wanapanga chupa tupu kwenye kreti huku wakizihesabu kwa sauti ya chini, maana kila chupa itakayopungua wakala wa bia ataikata kwenye amana ya kamati. Kiasi kilichotajwa jukwaani ni mauzo. Mwenye spika hajalipwa. Mafuta ya jenereta hayajalipwa. Bendi imepewa nusu, inasubiri nusu. Zahanati itapata kitakachobaki baada ya hao wote, na pale uwanjani hakuna anayejua kitabaki nini.

Matamasha ya namna hii, yanayokusanya bia, muziki na hisani chini ya hema moja, huzua mabishano yale yale kila yanapotangazwa. Wako wanaosema fedha ni fedha: mgonjwa anayehitaji dawa hatauliza ilitoka kwenye chupa au kwenye kikapu cha sadaka. Wako wanaosema pombe ni pombe, na zahanati haiwezi kujengwa kwa kile kile kinachoijaza majeruhi usiku wa Jumamosi. Nimewasikiliza wa pande zote mbili kwa miaka mingi, na naona wote wanaruka swali la katikati. Tunapoinua chupa kwa ajili ya zahanati, ni nani hasa anayetoa, anatoa lini, na anatoa kutoka wapi?

Pa kuanzia ni nyumbani, kwa sababu pombe ya kuchangia si jambo tulilofundishwa na wageni.

Kule Kilimanjaro, mama anayepika mbege huanza kwa kuvundika ndizi mpaka ziive na kulegea. Huzichemsha kwa muda mrefu hadi zibadilike rangi na kuwa nyekundu iliyoiva, kisha huziacha zichachuke kwa siku kadhaa. Maji yake yaliyochujwa huitwa nyalu. Kando huandaa uji wa kimea cha ulezi, mso, na gome la mti wa msesewe ndilo linaloleta ule uchungu ambao mnywaji wa mbege huutafuta kwanza ulimini. Ulezi una heshima kiasi kwamba jina mbege lenyewe kwa Kichagga ni jina la ulezi. Nyalu na mso vikishakutanishwa, pombe hunywewa kesho yake au kesho kutwa. Ikipita hapo inakuwa kali na chachu, haifai mbele ya wageni.

Ufupi huo wa maisha yake ndio ulioifanya mbege iwe kinywaji cha shughuli. Haiwekwi akiba. Ikiiva, ni lazima pawe na watu, na watu hao ni lazima wawe na sababu ya kukusanyika: posa, msiba, upatanisho wa ndugu waliogombana, au kazi. Katika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji ya maji, kukarabati barabara au kumjengea mtu nyumba, watu walitoka asubuhi na majembe, jua likipanda wakamaliza, ndipo mtungi ulipofunguliwa. Mwenye shughuli au mzee wake alionja kwanza, kata ikazunguka kwa mpangilio unaojulikana, na pipa likiisha shughuli imekwisha. Hapakuwa na kreti ya pili ya kuletwa kwa pikipiki.

Mpangilio huu si wa Wachagga peke yao. Usukumani, vikundi vya kulima vilipiga jembe kwa ngoma ya bugobogobo, mikono ikipanda na kushuka kwa mapigo mamoja, na mwenye shamba akawajibika kuwalisha na kuwalipa. Magharibi mwa Kenya busaa ilifanya kazi hiyo hiyo, na mashariki mwa Uganda chungu cha ajono kilichozungukwa na mirija mirefu kiliwaketisha majirani pamoja baada ya mavuno. Popote pale utakuta utaratibu mmoja: jasho limetangulia, pombe imefuata.

Kwangu mimi hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Zamani pombe ilikuwa shukrani ya mchango. Mtu alikwisha kutoa nguvu zake kabla hajagusa kata. Tamasha la leo limegeuza mfuatano huo, na kunywa kwenyewe ndiko kuchangia. Anayekunywa chupa sita anaambiwa amechangia mara sita, na anayekunywa soda anaonekana bahili.

Badiliko hilo halikuja lenyewe. Lina historia, na sehemu ya historia hiyo inauma. Mwaka 1908, katika koloni la Natal, Afrika Kusini ya leo, ilipitishwa sheria iliyoiwezesha halmashauri ya mji wa Durban kuwa mpikaji na muuzaji pekee wa pombe ya mtama kwa Waafrika mjini. Wanawake waliokuwa wakiipika majumbani na kuishi kwa mapato yake wakageuzwa wahalifu. Faida ya vilabu vya halmashauri iliingia kwenye mfuko maalumu, na mfuko huo ukagharimia mabweni ya vibarua, askari na usimamizi wa Waafrika hao hao. Mlipa kodi mzungu hakutoa senti. Watawala wa miji mingine waliuita mfumo wa Durban na wakauiga. Nairobi iliuchukua katika miaka ya 1920: manispaa ikawa na kilabu chake cha pombe Pumwani, na faida ikahesabiwa kuwa ni fedha za ustawi wa Waafrika.

Kwenye karatasi, mfumo huo ulionekana wa huruma. Mtu anakunywa jioni, na kesho anapata huduma iliyolipiwa na kinywaji chake. Ukiuchunguza, mfuko mmoja wa kibarua ulitolewa fedha mara mbili: kwanza mama mpikaji alinyang'anywa riziki, halafu mnywaji akalipia huduma ambazo mji ulipaswa kumpa kwa kodi na kwa jasho lake. Waliokuwa wakiishi ndani ya mfumo huo waliuelewa vizuri. Mwaka 1929 Waafrika wa Durban waligomea vilabu vya manispaa, na mwaka 1959 wanawake wa Cato Manor, katika mji huo huo, waliingia kwenye vilabu, wakawatoa wanaume na kumwaga pombe. Hawakufanya hivyo kwa chuki ya pombe. Wengi wao walikuwa wapishi wa pombe. Walikataa ustawi wao kukamuliwa kutoka kwenye mishahara ya waume zao kabla mishahara hiyo haijafika nyumbani.

Sisemi kamati ya tamasha la zahanati ni manispaa ya kikoloni. Wajumbe wengi wa kamati hizi ni watu wema wanaopoteza usingizi wao bure. Lakini njia ya fedha inafanana, na kufanana huko kunapaswa kutusumbua. Tafiti za Uingereza na za nchi nyingine zimeonyesha tena na tena kwamba sehemu kubwa ya mauzo ya vileo haitoki kwa yule anayekunywa chupa moja na kwenda kulala. Inatoka kwa wachache wanaokunywa kupita kiasi. Kama zahanati inategemea faida ya chupa, basi inamtegemea zaidi mtu ambaye angepaswa kuwa mgonjwa wake. Na nyuma ya mtu huyo kuna nyumba: ada ya shule, unga wa wiki, kodi ya chumba. Mama aliyebaki nyumbani na watoto amechangia zahanati bila kuulizwa, na jina lake halitatajwa jukwaani.

Kwa nini basi tamasha la bia la hisani limestawi sana Uingereza, hata likaonekana jambo la heshima kijijini? Inafaa kulitazama kwa karibu, kwa sababu wanaoliiga huku mara nyingi huchukua sura yake na kuacha mifupa yake.

Mwaka 1971 kilianzishwa chama cha wanywaji wa huko kinachoitwa CAMRA, kutetea bia ya asili inayomalizia kuchachuka ndani ya pipa. Mwaka 1977 chama hicho kilifanya tamasha la kitaifa katika ukumbi wa Alexandra Palace, London. Kutoka hapo mtindo ulisambaa hadi kwenye kumbi za vijiji, viwanja vya kriketi na hata makanisa, na vilabu kama Rotary vikaufanya njia ya kuchangisha. Sheria ya leseni ya mwaka 2003 inaruhusu kikundi kisicho na leseni ya kudumu kutoa taarifa ya shughuli ya muda kwa halmashauri: watu wasiozidi 499 kwa wakati mmoja, saa zisizozidi 168, ada ya pauni 21. Kwa sharti dogo kama hilo, kikundi chochote cha majirani kinaweza kufungua baa ya siku mbili.

Pipa la kawaida la shughuli hizo ni la galoni 9, yaani painti 72, karibu lita 41. Bia iliyomo bado ina chachu hai. Pipa hulazwa juu ya kitako siku moja au mbili kabla ya tamasha ili machicha yatulie chini, joto lake hutunzwa kwenye nyuzi 11 hadi 13, na likishafunguliwa ni la siku tatu hivi tu. Mpenzi wa mbege atalielewa pipa hilo mara moja, maana nalo lina haraka ya kunywewa watu wakiwa wamekusanyika.

Hisani huingia kwa milango ambayo mgeni haioni. Kila pipa hutafutiwa mfadhili: duka la nyama, fundi wa magari au ofisi ya mawakili hulipa gharama yake, jina lao likabandikwa kwenye pipa. Kwa hiyo bia imekwisha kulipiwa kabla haijamiminwa, na painti inayouzwa ni faida karibu yote. Wanaohudumia ni wa kujitolea. Mlango wa kuingilia una kiingilio, na ndani yake mna bilauri ya ukumbusho na kadi yenye vikuponi vya kinywaji. Mtu anapoondoka na vikuponi vilivyobaki, pale mlangoni pana sanduku: atumbukize kilichobaki, au arudishe bilauri na amana yake iende kwa wahitaji. Wanamuziki wengi ni wa mtaa huo huo.

Wafadhili walitoa kwanza, waliojitolea wakatoa siku zao, mgeni akatoa mlangoni. Bia ni shukrani inayozunguka juu ya mchango uliokwisha kufanyika, kama mbege baada ya mfereji. Pale ambapo mifupa hiyo haipo, ambapo kamati inanunua bia kwa mkopo na kutegemea kiu ya watu irudishe mtaji, tamasha la Uingereza nalo huanguka kama letu, tena vibaya zaidi, kwa sababu pipa lililofunguliwa halirudishwi kwa muuzaji.

Sasa tuje kwenye hesabu za kwetu. Tuchukue mfano tu, kila msomaji ataweka bei za mtaa wake. Kamati imenunua kreti 40 zenye chupa 25 kila moja, chupa 1,000. Tuseme kila chupa imenunuliwa kwa shilingi 1,500 na kuuzwa kwa 2,500. Zikiisha zote, mauzo ni shilingi 2,500,000, na hiyo ndiyo takwimu itakayosomwa jukwaani. Mtaji ni 1,500,000. Kimebaki 1,000,000, na humo watoke mwenye spika, jukwaa, jenereta, bendi, walinzi, barafu, vibali, chupa zilizovunjika na zile bia ambazo jamaa wa kamati walikunywa kwa ahadi ya kulipa kesho. Mtu yeyote aliyewahi kukodi vifaa vya muziki kwa usiku mmoja anajua milioni hiyo haifiki mbali.

Iweke kando ya hesabu nyingine. Watu 200 wakitoa shilingi 5,000 kila mmoja, kwa simu, kwa lipa namba ya zahanati, inapatikana milioni ile ile kabla chupa hata moja haijafunguliwa. Ile njia ya kwanza imewagharimu wanywaji milioni mbili na nusu ili itoke moja, na hiyo moja imeliwa na spika. Ukisikia watu wakisema tamasha limefana lakini zahanati haijapata bati, mara nyingi hakuna mwizi yeyote hapo. Ni hesabu tu ambayo hakuna aliyekaa chini kuifanya.

Muziki nao una gharama kubwa kuliko watu wanavyodhani. Tamasha la Sauti za Busara la Zanzibar, linalofanyika Februari tangu mwaka 2004 na kitovu chake kikiwa Ngome Kongwe, ni miongoni mwa matamasha yanayoheshimika zaidi barani, na lina desturi nzuri ya kumtoza mwenyeji kiingilio kidogo kuliko mgeni wa ng'ambo. Hata hivyo, mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Kama tamasha lenye jina kubwa hivyo haliwezi kujiendesha kwa kiingilio tu, kamati ya kata isidhani kukodi bendi ni njia ya mkato ya kupata faida.

Ila nisieleweke vibaya kuhusu ngoma. Muziki una kazi katika hisani, tena kazi kubwa, na kazi hiyo si kuuza bia. Pwani yetu inaijua tangu zamani. Vyama vya ngoma ya beni, vikiwemo Marini na Arinoti, vilivyoenea kutoka Lamu na Mombasa mpaka Dar es Salaam na bara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, vilikuwa na vyeo, sare na gwaride, na watazamaji wengi waliona mbwembwe tu. Lakini ndani mlikuwa na kusaidiana: mwanachama akiugua au akifa mbali na kwao, chama kilikuwa ndugu yake. Akina mama wa ngoma ya lelemama nao walijipanga hivyo. Na pale chama cha TANU kilipotafuta wanachama wanawake mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed, ambaye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba, hakuanza na hotuba. Alipita kwenye vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, kwa sababu huko tayari kulikuwa na viongozi, na wanachama waliozoea kutoa mchango na kuaminiana. Ngoma iliwakusanya watu na kuwapa sababu ya kuonana kila juma. Mchango ulipita katika njia iliyokwisha kulimwa.

Vyama hivyo vilikuwa na ugonjwa wao pia, nao unatuhusu. Mashindano yalipopamba moto, upande mmoja ukichinja, wa pili uliona aibu usipochinja zaidi. Watu waliingia madeni na kuuza mali ili wasishindwe kwa karamu. Tamasha la hisani lina jaribu hilo hilo: mwaka wa kwanza bendi ya mtaa, mwaka wa pili msanii wa jina, mwaka wa tatu taa za rangi na skrini, na zahanati inazidi kusogea nyuma ya orodha ya malipo.

Hata wakubwa wa dunia wamejikwaa. Tarehe 1 Agosti 1971 George Harrison na Ravi Shankar walifanya maonyesho mawili katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, kuwasaidia wakimbizi wa Bangladesh, mbele ya watu wapatao 40,000. Fedha za viingilio, zaidi ya dola 240,000, zilifikishwa UNICEF. Lakini sehemu kubwa ya mapato ya santuri na filamu ilizuiwa kwa miaka mingi katika mabishano na mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa sababu utaratibu wa kisheria wa hisani haukuwekwa sawa kabla ya onyesho. Moyo ulikuwepo, na muziki ulikuwa wa hali ya juu. Karatasi moja ya mapema ndiyo iliyokosekana, na waliokuwa na njaa hawakuwa na miaka ya kusubiri.

Kuna mgeni mwingine ambaye lazima atajwe, naye ni kampuni ya bia. Kampuni ikitoa hema, friji, fulana na mabango bure, kamati huona imeokolewa, na kwa usiku ule ni kweli imepunguziwa mzigo. Lakini kampuni haitoi kwa ajili ya usiku ule. Inanunua jambo ambalo tangazo la redio haliwezi kulipata: jina la kinywaji chake kukaa kando ya neno zahanati, mbele ya watoto waliokuja kutazama ngoma mchana. Kenya na Tanzania zote mbili zinakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Tanzania ilipiga marufuku viroba, yaani pombe kali ya pakiti, tarehe 1 Machi 2017 baada ya kuona vijana, wengine wa shule, wakivibeba mfukoni. Itakuwa ajabu kumfungia mtoto mlango wa dukani na kumfungulia wa uwanjani kwa kuwa ni siku ya hisani. Kampuni ikitaka kusaidia zahanati, iandike hundi kwa zahanati. Mwenye nia ya kusaidia hatadai hema liwe na rangi zake.

Kwa upande wa Waislamu, ambao ni wengi sana miongoni mwa wasemaji wa lugha hii, hukumu ya pombe iko wazi, na fedha yake haipokelewi kama sadaka njema. Wako pia Wakristo wengi, hasa walokole na Wasabato, wanaosimama hapo hapo. Hili si jambo la kupuuzwa kwa kusema asiyekunywa asije. Zahanati ni ya kata nzima. Ikijengwa kwa tamasha ambalo nusu ya kata haiwezi kukanyaga, nusu hiyo imenyimwa heshima ya kutoa, na siku paa likivuja haitajiona mwenye nyumba. Makanisa mengi yamepata jibu rahisi katika mnada wa mavuno: mkungu wa ndizi, jogoo, trei ya mayai, vinauzwa na kununuliwa na kurudishwa tena mnadani, watu wakicheka, kwaya ikiimba, na kila shilingi inaingia kapuni kwa sababu bidhaa zenyewe zilitolewa bure. Nje ya makanisa, Kili Challenge, inayoendeshwa na mgodi wa dhahabu wa Geita tangu mwaka 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, inawapandisha watu Mlima Kilimanjaro. Jasho kwanza, tena.

Je, basi tamasha la bia la hisani lifutwe? Sidhani. Watu wetu watakunywa, kama babu zao walivyokunywa, na siku ambayo jirani anacheza ngoma na jirani yake mbele ya zahanati inayojengwa ina thamani ambayo lipa namba haiwezi kuileta. Mtu hujenga kwa moyo zaidi akiwa amecheza na wenzake. Ninachokataa ni chupa kupewa kazi ya kapu.

Kwa hiyo mfuatano urudishwe ulivyokuwa. Mchango utolewe mlangoni au kabla, uingie moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, usipite kwenye meza ya vinywaji. Gharama za spika, jukwaa na jenereta zitafutiwe wafadhili wenye maduka na karakana za hapo hapo, kila mmoja abebe kitu kimoja, na asiyepata mfadhili wa spika asikodi spika. Ngoma na matarumbeta vilikuwepo kabla ya umeme. Vinywaji viuzwe na wanaoviuza kila siku, mama wa mbege au wa busaa akiwa miongoni mwao pale ambapo sheria inamruhusu, nao walipe ada ya kibanda iliyotajwa mapema. Mama huyo akirudi nyumbani na faida yake, tamasha limekwisha kusaidia familia moja ya kata kabla zahanati haijahesabu. Ngoma ya mchana iwe ya familia nzima, isiwe na pombe. Baa ifunguliwe jioni, ifungwe saa inayojulikana, na asiwepo mtu jukwaani wa kumwambia mlevi kwamba chupa ya saba ni ya kuwaokoa wajawazito.

Na hesabu zisomwe. Hili peke yake lingeponya nusu ya maradhi yote. Harambee ya Kenya, iliyopewa hadhi ya wito wa taifa na Jomo Kenyatta mwaka 1963 na iliyojenga shule nyingi kwa nguvu za wananchi, ilichafuka pale mgeni rasmi mwenye bahasha nene alipokuwa mkubwa kuliko kijiji chenyewe, hadi sheria ya maadili ya mwaka 2003 ikalazimika kuwawekea mipaka watumishi wa umma. Wananchi hawakuchoka kutoa. Walichoka kutoa bila kuonyeshwa kilichofanywa na walichotoa.

Ndugu mjumbe wa kamati unayesoma hapa na tamasha lako liko mwezi ujao: siku saba baada ya bendi kuondoka, chukua karatasi moja, andika kilichoingia, kilichotoka, nani alilipwa nini, na kilichofika zahanati, kisha ibandike kwenye mlango wa zahanati, pale ambapo mama aliyembeba mtoto mgongoni anaweza kuisoma akisubiri zamu yake.